Wageni wa Sinia Moja

Kila alfajiri, adhana ilipokwisha katika mtaa wao wa Buyenzi, Houda alikuwa ameshakaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, simu ya mama yake mkononi. Hakuwa anacheza. Alikuwa anasubiri ujumbe wa wenzake wanne. Kila mmoja alikaa mtaa wake, na kila mmoja, kabla hata ya kupiga mswaki, alikwenda kutazama mabomba ya karibu na kwao. Kisha waliandika: "Nyakabiga, maji yapo." "Musaga, hakuna." Byamungu wa Kamenge ndiye aliyekuwa na maneno mengi kuliko wote. Yeye alieleza hata rangi ya maji, na harufu yake, na kama mlinzi wa bomba ameamka vibaya.

Houda aliyakusanya hayo yote, akayafupisha kwa maneno machache na kuyaandika kwenye ukurasa ulioitwa Bomba Leo, katika tovuti ya chama cha afya cha mtaa. Saa kumi na moja na robo kazi ilikuwa imekwisha. Kisha aliswali, akanywa chai, akaenda shuleni.

Wazo hilo lilikuwa lake mwenyewe. Msimu wa mvua uliopita kipindupindu kiliingia mjini, na mwalimu wao, Bwana Méthode, aliwaeleza darasani jinsi watu wanavyoteremka mtoni na madumu wakidhani mabomba yote yamekauka, kumbe bomba la mtaa wa pili linatoa maji. Houda aliinua mkono. "Mwalimu, kwa nini tusiwaambie ni lipi linalotoa maji?" Mwalimu akatabasamu. Wiki mbili baadaye ukurasa ulikuwa umezaliwa.

Shida ilikuwa namba. Chini ya kila ukurasa wa tovuti ile palikuwa na namba ndogo iliyoonyesha wageni wa siku. Shule yao ilikuwa na kurasa mbili, Bomba Leo na ukurasa wa mpira ulioandikwa na Faruk wa darasa lao. Katibu wa chama alikuwa amesema wazi kwamba mwisho wa muhula ukurasa mmoja tu utabaki, ule wenye wasomaji. Ukurasa wa mpira ulikuwa na wageni mia na hamsini kwa siku. Bomba Leo ulikuwa na tisa.

"Tisa!" Faruk alicheka mpaka akashika tumbo. "Nyanya yangu akikohoa tu, wanaokuja kumwona wanazidi tisa."

Darasa zima lilicheka. Houda alicheka pia, kwa kuwa kununa kungezidisha mambo, lakini moyoni aliumia sana. Jioni hiyo aliufungua ukurasa wake aone kama bado ni tisa. Ilikuwa kumi. Aliufunga, akaufungua tena. Kumi na moja.

Tusimsingizie: Houda hakuwa mwongo. Lakini waongo wengi nao hawakuwa waongo siku moja kabla. Alifungua na kufunga mpaka ikafika thelathini, akajiambia kwamba hamwibii mtu kitu, na kwamba maji ni muhimu kuliko mpira, jambo ambalo lilikuwa kweli kabisa. Kesho yake alifika mia. Wiki iliyofuata kidole gumba kilikuwa kimezoea, na alifika mia tatu huku akitazama pembeni.

Direkteri, mkuu wa shule, alimsifu mbele ya shule nzima na kumwahidi cheti. Faruk aliacha kucheka. Mwalimu Méthode alimpa mkono kama anavyopewa mtu mzima, na mkono huo ulimuwasha Houda mpaka jioni.

Nyumbani, mama yake, Asiya, alikuwa amekaa kwenye kigoda akichambua mchele. Bi Asiya alikuwa mpishi wa harusi, na Buyenzi nzima ilijua kwamba pilau lake haliombewi radhi. Houda alitaka kusikia sifa nyingine, labda hii ya nyumbani ingemtuliza.

"Mama, leo tulipata wageni mia tatu na kumi na mbili."

"Wageni?" Mama aliinua kichwa. "Wapi? Mi mbona sikuona mutu?"

"Wa kwenye ukurasa, Mama. Wanaosoma."

"Sasa uliwahesabu wapi?"

"Ni kama mlangoni. Kila mtu anayefungua anahesabiwa."

Mama alicheka, akarusha punje mbaya pembeni. "Mi nilihesabu mulangoni mara moja tu, kwa harusi ya binti ya Shakuru. Nikapika ya watu mia ine. Kumbe watoto wanaingia, wanatoka, wanaingia tena! Pilau ikabaki, tukagawa nyumba kwa nyumba. Tangu siku ile mi nahesabu kwenye sinia tu. Sinia moja, watu sita." Kisha akakumbuka jambo lake. "Na we mutoto, nani anakula mega zangu za telefone? Kila nikitaka kupiga video kwa shangazi yako, zimekwisha."

"Sijui, Mama," alisema Houda.

Ijumaa moja, muhula ukikaribia kwisha, katibu wa chama alifika shuleni na kompyuta yake. Aliitwa Mzee Tajudini. Kazi yake hasa ilikuwa ufundi wa magari, na alivitazama vitu vyote kama injini, kwanza akivisikiliza, halafu akivifungua. Aliwaita Mwalimu Méthode, Houda na Faruk mbele ya kompyuta.

"Ile konteri ya zamani, ya kuhesabu wageni, ilikuwa ya kijinga," alianza. "Ilihesabu mulango kufunguliwa, basi. Mutu mumoja akifungua mara kumi, inasema wageni kumi. Wiki mbili hizi niliweka chombo kingine, bila kusema kwa mutu. Hiki kinajua kutofautisha telefone na telefone. Jina hakijui, namba ya mutu hakijui. Lakini kinajua ametazama ukurasa gani, saa ngapi, na amekaa muda gani."

Mzee Tajudini aligeuza kompyuta. "Tazameni Bomba Leo. Umefunguliwa mara elfu ine mia mbili na kumi na mbili. Telefone ni ngapi? Kumi na ine. Na katika hizo kumi na ine, moja peke yake imefungua mara elfu ine na zaidi. Kila mara inakaa sekunde moja, inatoka."

Mwalimu Méthode alivua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

"Na hii ni nini?" aliuliza Faruk. Kidole chake kilikuwa kwenye mstari wa chini kabisa.

"Hiyo nayo sijui," alisema Mzee Tajudini. "Ni telefone moja. Kila siku saa kumi na moja na nusu inafungua sehemu ya Kamenge, inakaa dakika arobaini. Sehemu ya Kamenge ina maneno kumi tu! Mutu gani anasoma maneno kumi kwa dakika arobaini? Labda analala na telefone wazi. Labda ni hila ingine." Alitikisa kichwa. "Nikisha kuona uongo mukubwa namna hii, hata kidogo kinachobaki siwezi kukiamini. Siulizi nani. Ukurasa naufunga."

Akabonyeza mara mbili. Bomba Leo ukatoweka, na mahali pake pakabaki peupe.

Houda aliutazama weupe ule akitamani kulia. Alikuwa ameona kitu ambacho wengine walikipita. Kumbe wakati wote huo, yeye akihangaika na kidole gumba, palikuwa na mtu wa kweli. Mtu huyo alikuja kila alfajiri, robo saa tu baada ya kazi kwisha. Sasa mtu huyo anaitwa hila, na aliyemharibia jina ni Houda mwenyewe. Alifungua mdomo aseme. Kengele ya kwenda nyumbani ikalia, naye akatoka na wengine.

Alimkuta mama yake uani akisugua masinia ya harusi ya Jumapili. Safari hii hakuzunguka.

"Mama, aliyekula mega zako ni mimi." Akaeleza yote, tangu tisa mpaka mia tatu, mpaka ukurasa ulipofungwa.

Mkono wa Bi Asiya ulisimama ndani ya povu. Hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mi nilikusifu mbele ya majirani," alisema polepole. "Nilisema mutoto wangu anasaidia watu wapate maji."

"Ninasaidia kweli, Mama! Yupo mtu wa Kamenge. Anakaa dakika arobaini. Mzee Tajudini hamwamini kwa sababu yangu."

Mama alijifuta mikono, akachukua mtandio. "Simama. Twende kwake sasa hivi. Maneno haya hayalali hapa nyumbani."

Mzee Tajudini alikuwa gereji, kichwa ndani ya gari. Houda alisema yote tena, na mara ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza, kwa sababu mafundi wengine waliacha nyundo zao wasikilize. Fundi mzee alitoa kichwa, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha alileta kompyuta, akachukua simu ya Bi Asiya, akafungua tovuti aone ni mstari gani utakaotikisika.

"Ni kweli, njo hii yenyewe," alisema. "Basi tuitoe." Akaitoa. Zile elfu nne zikaanguka zote mara moja, zikabaki simu kumi na tatu. "Sasa naona vizuri. Lakini bado ni kumi na tatu, Asiya. Na huyu wa dakika arobaini bado simuelewi."

Bi Asiya aliinama juu ya kompyuta, yeye ambaye vitu hivyo alikuwa hana habari navyo. "Hizi ni telefone, si watu?"

"Telefone."

"Basi umehesabu masinia," alisema. "Mikono hujahesabu. Wee Tajudini, umekula kwa harusi zetu miaka yote, umeona lini sinia ya mutu mumoja? Mutu mumoja hakai dakika arobaini na maneno kumi. Lakini sinia ikizungukwa na watu wengi, inakaa."

Mzee Tajudini alijikuna ndevu. "Inawezekana," alikubali. "Kesho alfajiri twende Kamenge. Nikikuta watu, naufungua."

Houda alitaka kumwomba aufungue usiku uleule. Lakini mwongo wa jana hana ulimi wa kuomba leo.

Saa kumi na moja na nusu, gari kuukuu la Mzee Tajudini lilikuwa likipanda njia ya Kamenge. Bi Asiya alikaa mbele, Houda nyuma na simu ya mama yake. Ujumbe wa wenzake ulikuwa umeingia kama kawaida, maana hakuna aliyewaambia kwamba kazi imekufa. Byamungu aliandika: "Bomba la soko, limekauka. Bomba la nyuma ya dispensari, maji yapo, meupe, hayana harufu. Mlinzi ameamka vizuri." Houda aliusoma mara mbili. Hakuwa na mahali pa kuuweka.

Walipofika kwenye bomba la soko walikuta madumu ya manjano yamepangwa kwenye mstari mrefu, na wanawake wachache wamesimama bila furaha. Katikati yao, mama mmoja wa makamo alishika simu yenye kioo kilichopasuka, akiipiga piga kwa kiganja kama inayosinzia.

"Mama, shikamoo," alisema Houda. "Unasoma nini?"

"Marahaba, mutoto. Nasoma nini tena? Leo hakuna kitu, ni weupe tu." Jina lake lilikuwa Mathilde, lakini wote walimwita Mama Destin. Alitoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko, chenye \"ba\" badala ya \"wa\" na \"njo\" badala ya \"ndiyo\". "Kila siku mi njo nabasomeaka hapa. Bamama banakuja, mi nafungua, nasema bomba fulani iko na maji. Wengine banachelewa, nabasomea tena. Wengine banataka kuona na macho yabo, telefone inazunguka. Siifunge, sababu nikiifunga, kuifungua tena inakula mega. Mpaka wote bajue, njo nafunga."

"Dakika arobaini," alisema Mzee Tajudini kwa sauti ndogo.

"Wako ngapi, Mama Destin?" aliuliza Bi Asiya.

"Siku zingine makumi tatu, makumi ine. Leo banaenda."

"Wamekwenda wapi?" Houda aliuliza, ingawa alishajua.

Mama Destin alinyoosha kidevu kuelekea bondeni. "Mutoni. Hakuna maji hapa, ukurasa umekufa, bangefanya nini? Mi nimebakataza. Mvua ile ya mwaka jana mutoto wangu Chance alikunywa ile maji, akalala hospitali siku sita. Nilisema mi sirudi kule. Lakini mutu akiwa na kiu hasikii."

Houda hakusubiri neno la mtu. Alianza kukimbia kwenye njia ya bondeni, viatu vikiteleza, huku akipiga kelele kwa nguvu zake zote. "Nyuma ya dispensari! Maji yapo nyuma ya dispensari! Msichote mtoni!" Mama yake alikuwa nyuma yake, mtandio shingoni, akipaza sauti iliyozoea kuita watu kwenye chakula.

Wanawake walisimama. Wengine walikuwa wameshainama ukingoni. Mmoja aliuliza, "We ni nani wa kutuambia?"

"Ni mimi ninayeandika Bomba Leo," alisema Houda, pumzi zikimkata. "Ulifungwa jana. Ni kosa langu. Maji yapo, nawaapia, Byamungu ameyaona asubuhi hii."

Walimwaga walichokichota. Msururu ukageuka, ukapanda. Mzee Tajudini alikuwa amesimama juu ya njia, simu mkononi, akiwahesabu wanapopita, akitaja namba kwa midomo bila sauti. Walikuwa arobaini na mmoja. Kabla wa mwisho hajapita, Bomba Leo ulikuwa umefunguliwa tena.

"Na mimi nimekosa," Mzee Tajudini alimwambia Mwalimu Méthode baadaye, na alisema hivyo mbele ya Houda. "Ningekuja kutazama kwanza, halafu nifunge. Chombo kimeboreshwa, kinaona mengi kuliko kile cha zamani. Lakini kinaona telefone tu, watu hakiwaoni."

Ungedhani mambo yameishia hapo, na Houda angependa yaishie hapo. Lakini Mama Destin aliwahesabu wenzake kwenye bomba la dispensari, na mmoja alikosekana. Alikuwa mama mgeni, aliyehamia juzi, hakuna aliyejua jina lake wala nyumba yake. Alichota mtoni wa kwanza kabisa na kwenda zake kabla Houda hajafika.

Jumatatu Houda alisimama mbele ya shule nzima, mahali palepale aliposifiwa, akasema alichofanya. Mwalimu Méthode alimwambia hatapewa tena cheti alichokuwa ameahidiwa, na kazi ya alfajiri ataendelea nayo. Houda alishukuru kwa yote mawili. Faruk hakucheka. Alikuwa ameanza kujiuliza wageni wake mia na hamsini ni simu ngapi.

Adhabu iliyomkaa zaidi haikutoka kwa mwalimu. Kila alfajiri, kabla ya kuuliza habari za bomba, alimwandikia Byamungu: "Kuna mtu anaumwa?" Na kila alfajiri aliogopa kufungua jibu. Siku ya kwanza, hakuna habari. Ya pili, hakuna. Alikuwa akimwona akilini yule mama asiyemjua, dumu kichwani, akiingia mlango asioujua, na watoto wakimkimbilia na vikombe. Siku ya tano ujumbe uliingia mapema kuliko kawaida. "Mama Destin amempata. Anaitwa Fatouma. Yale maji alifulia nguo tu. Wote wazima. Sasa naye anasomewa."

Houda aliweka simu kwenye ngazi, akalia kwa mara ya kwanza tangu mambo yaanze.

Mama yake alimkuta hapo, akakaa naye. "Sikiliza, mwanangu," alisema. "Ile mashine mupya iliona uongo wako. Iliona pia ukweli wa Mama Destin. Vyote viwili vilikuwa mbele ya Tajudini siku ile. Lakini uongo ulikuwa mukubwa, ukakaa mbele, ukweli ukakosa nafasi. Ndio kazi ya uongo. Hata ukiusema kwa jambo jema, unakuja kulizuia jambo lenyewe lisiaminiwe. Tisa yako ya kweli ilikuwa inanywesha watu arobaini. Mia tatu yako haikunywesha hata mutu mumoja."

Chini ya Bomba Leo siku hizi pana mistari miwili. Wa kwanza huandikwa na chombo kipya: simu kumi na saba. Wa pili huandikwa na Houda, ambaye kila Jumamosi huenda na daftari mpaka kwenye bomba moja na kuhesabu. Akikuta watu kumi na wawili anaandika kumi na wawili.

Na harusi ilipofuata Buyenzi, Bi Asiya alichungulia kutoka jikoni, mwiko mkononi, watu wakijazana mlangoni.

"Houda! Wako ngapi?"

"Ngoja kidogo, Mama," alijibu Houda. "Bado wananawa mikono, hawajakaa kwenye masinia."